Kuhamisha springi ya mbele ya Ford ya kale si kazi ya kuchomelea tu

Mhariri,

Makala ya hotirodi (magari ya kale yaliyoundwa upya yawe ya kasi) iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa magari imesomwa na wengi, na historia yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sentensi moja karibu na mwisho, iliyosema kwamba mwenye Ford ya kale akitaka gari lilale chini aitoe springi ya mbele juu ya ekseli, aichomelee nyuma yake, basi. Hapo kwenye "basi" ndipo chuma hukatika. Naomba nafasi nieleze kazi hiyo kwa vipimo, maana fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kusoma sentensi ile akaamini ni kibarua cha nusu siku.

Tuanze na gari lenyewe. Ford Model T (1908 hadi 1927), Model A (1928 hadi 1931) na ile ya 1932 iliyoleta injini ya V8 (silinda nane) ya bei nafuu zote zina springi moja tu mbele. Imelala kukingama, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imekaa juu ya ekseli. Fundi aliyezoea Fuso au Land Cruiser ya springi za majani inabidi aweke kando mazoea yake hapa. Springi za lori zimelala kufuata urefu wa gari, moja kila upande, na zenyewe ndizo zinazoizuia ekseli isiende mbele wala kurudi nyuma. Ya Ford haina uwezo huo. Kazi hiyo hufanywa na wishiboni, yaani fimbo mbili zilizounganika kama V: ncha zake zimefungwa kwenye ekseli, na pale zinapokutana pana gololi kubwa iliyokaa kwenye kikombe chini ya injini kwa nyuma. Springi kazi yake ni kubeba uzito na, hili ndilo husahaulika, kuizuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia.

Ford wenyewe waliihamisha springi hiyo kwenye magari ya 1935. Waliipeleka mbele ya ekseli, na mpangilio wa springi ya kukingama ukaendelea hadi magari ya 1948. Yale ya 1949 yakaja na koili. Kuhamisha kwa hiyo si kosa. Ila Ford walipohamisha walibadili krosimemba (boriti ya chesisi inayokingama mbele) na wishiboni kwa wakati mmoja, na kila kimoja kilichorwa kikimjua mwenzake. Wanaofuata ushauri wa makala yenu hubadili kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo.

Je, inahitajika? Kwa Model A au Ford ya 1932 jibu langu ni hapana. Ekseli iliyoshushwa, ambayo ncha zake zimepindwa kwenda juu, huuzwa kwa kawaida ikiwa na mshuko wa inchi 4. Springi ambayo macho yake yamekunjwa kwa upande wa pili inashusha inchi 1 hadi 1½ zaidi. Vyote viwili hufungwa kwa bolti mahali pale pale pa zamani, wala chesisi haikatwi popote. Jumla ni inchi 5 na ushei, na gari lililoshuka kiasi hicho tayari linakwaruza kila tuta. Tafadhali msiwaambie watu wapunguze majani ya springi ili gari lishuke. Litashuka kweli, lakini jani namba moja, lenye macho, litabeba mzigo wa wenzake walioondoka, na jani hilo likikatika ekseli haina tena cha kuishika upande huo.

Springi iliyofungwa nyuma ya ekseli ya mbele ina mahali pake: magari madogo ya bodi ya Model T ambayo chesisi yake ni boksi mbili nyembamba zilizonyooka, mtindo uliopata umaarufu California katika miaka ya 1950 kwa magari ya wajenzi wa hotirodi akina Norm Grabowski na Tommy Ivo. Boksi hizo, yaani reli za chesisi, huishia nyuma ya ekseli, na ekseli yenyewe hukaa wazi mbele. Braketi hutoka katikati ya krosimemba kama mkono ulionyooshwa, na springi hufungwa chini ya mkono huo. Wamarekani wanauita mfungo huo "mfungo wa kujiua". Sababu ni kwamba mbele yote ya gari inaning'inia kwenye mchomeleo mmoja.

Sasa hesabu. Chukulieni gari ambalo mizani inaonyesha kilo 500 kwenye magurudumu ya mbele, na kilo 100 kati ya hizo ni magurudumu, breki na ekseli, vitu ambavyo springi haivibebi. Springi inabeba kilo 400, sawa na newtoni 3,900 hivi. Kama katikati ya springi pako sentimita 20 mbele ya krosimemba, nguvu ya kupinda kwenye shina la braketi ni Nm (newtoni-mita) 785 gari likiwa limesimama. Ukiingia shimoni, mzigo wa mara tatu si jambo la ajabu: hapo tunazungumzia Nm 2,350.

Braketi ya boksi la mm 50 kwa 75, lililosimama kwa ubavu wake mrefu, lenye ukuta wa mm 5, hupata mkazo wa MPa (megapaskali) 105 hivi kwa mzigo huo. Lilaze boksi lile lile, mkazo unafika 135. Lisimamishe tena lakini chagua ukuta wa mm 3 kwa sababu ndio uliopo dukani, mkazo unakuwa 160. Chuma cha kawaida huanza kupinda na kutorudi kwenye MPa 250 hivi, na mtu atasema basi 160 bado ni salama. Ingekuwa salama kama mzigo ungekuja mara moja. Huu unakuja na kuondoka maelfu ya mara, na ukingo wa mchomeleo ndio dhaifu kuliko chuma kinachouzunguka. Uchovu wa chuma hausubiri MPa 250. Chukua ukuta wa mm 5 au 6, usimamishe boksi, na fupisha mkono huo kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukipunguza sentimita 20 kuwa 15 umeondoa robo ya nguvu ya kupinda bila kuongeza hata gramu moja.

Mzigo wa springi unausukuma mkono huo kwenda juu, kwa hiyo upande wa chini wa shina ndio unaovutwa. Nyufa huanzia chini, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya gari akilisifia rangi hapaoni. Ndiyo maana braketi haifai kukatwa ikabandikwa uso kwa uso na krosimemba kisha kuzungushiwa mchomeleo. Tengeneza bamba mbili za ubavuni, za mm 6, zilizochongwa kuikumbatia krosimemba angalau nusu ya mzunguko wake, ili mchomeleo urefuke na usiwe mstari mmoja mfupi unaokatisha mahali pa mvutano. Vipande vya pembetatu vya kuimarisha viwekwe chini, na ncha zake zipunguzwe polepole zisiishie kwa ghafla, kwa sababu pale kipande kinapoishia ndipo ufa unapotafuta pa kuanzia. Mchomeleo usianzie wala kuishia kwenye kona ya chini.

Elektrodi za mageti, zile 6013, ziacheni kwenye mageti. Kazi hii inataka 7018 iliyohifadhiwa pakavu, au migi ya gesi yenye ampea za kutosha kupenya mm 6. Mchomeleo wa migi uliofanywa kwa moto mdogo huonekana mzuri kabisa huku umelala juu ya chuma bila kushika ndani, na kasoro hiyo huwezi kuiona kwa macho. Wala usiusage kwa grinda hadi uwe sawasawa na chuma kwa ajili ya urembo. Ule uvimbe ndio unaobeba.

Krosimemba nayo. Ile ya awali ya Ford ni bamba lililokunjwa kama U, na kwa springi iliyokaa juu ya ekseli inatosha, kwa sababu mzigo huja moja kwa moja kutoka chini. Ukitokeza mkono mbele yake, mzigo unageuka kuwa wa kuisokota. Sanduku la viatu lisilo na kifuniko linasokoteka kwa vidole viwili. Lifunike, libandike gundi, halisokoteki tena. Kwa hiyo weka mrija usio na mshono, kipenyo cha nje mm 63, ukuta mm 5. Zile Nm 2,350 hugawanyika nusu kwa nusu kwenda kila reli, na mrija huo unazibeba kwa mkazo wa kusokota wa MPa 48 hivi. Upitishe ndani ya kuta zote mbili za reli na uuchomelee pande zote mbili. Kama reli ni za U, zifunge kwanza kwa bamba la mm 4 au 5, ukichomelea kipande kifupi hapa na kingine mbali na pale, usije ukaipinda reli kwa joto. Mrija imara uliochomelewa kwenye reli ya wazi umehamisha tatizo tu: reli itasokoteka badala ya krosimemba, na dalili yake ya kwanza ni milango isiyofunga vizuri.

Nimetangulia na chuma kizito kwa sababu ndiko kuliko na hatari, lakini kwenye karakana kazi hiyo huja karibu na mwisho. Kinachotangulia ni kimo. Weka chesisi juu ya stendi ikiwa katika mlalo ule ule itakaokuwa nao barabarani, matairi yatakayotumika yakiwa yamefungwa nyuma na mbele, na ekseli ikishikiliwa mahali pake kwa vipande vya mbao na klempu. Usitumie springi kupata kimo wakati injini haijafungwa, itakudanganya. Shusha timazi kutoka katikati ya kila kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) hadi sakafuni, kisha pima kutoka alama hizo hadi alama za ekseli ya nyuma, kushoto, kulia na kimshazari. Mishazari miwili ikipishana zaidi ya mm 3, rekebisha sasa, kabla chochote hakijashikwa na moto.

Mlalo wa chesisi una umuhimu kwa sababu ya kasta, yaani ule mwinamo wa kingipini kwenda nyuma unaoyafanya magurudumu yajinyooshe yenyewe. Kwa ekseli hizi digrii 5 hadi 7 ndizo zinazofaa. Model A ina inchi 103½ kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukishaweka kasta ya digrii 6 chesisi ikiwa imenyooka, kisha ukafunga matairi makubwa nyuma yakainua tako la gari kwa sentimita 9, umeshapoteza digrii 2. Gari linabaki na 4, na usukani unaanza kutafuta njia wenyewe.

Pembe hiyo hiyo inakwenda hadi kwenye springi. Uso wa braketi ambao springi inakaa lazima uinamishwe kwa digrii zile zile za kasta. Usipoinamishwa, springi itakuwa imesimama wima huku mashimo ya sheko (vipande vinavyounganisha ncha za springi na ekseli) yameinama, na sheko zitakaa zimejisokota kwenye bushi. Bushi za mpira mgumu zitalika upande mmoja, na gari litakuwa gumu bila sababu inayoonekana. Watu wengi hapo hulaumu shokapu.

Sasa kwenye ekseli. Katika mfungo wa zamani, bolti ya pechi, ile yenye jicho la kushikia sheko, inapita ncha ya juu ya wishiboni, inapita ekseli, inatokea ncha ya chini, ndipo inafungwa nati. Yaani bolti moja inashika springi na wishiboni kwa pamoja. Ukiihamisha springi, pechi inaondoka, na tundu lile linahitaji bolti nyingine ya kipenyo kile kile inayojaza tundu bila kucheza. Bolti nyembamba yenye washa nyingi haikubaliki hapo, kwa kuwa breki zote za mbele zinapita kwenye tundu hilo. Unene wa ekseli mahali pa tundu hubadilika kulingana na mwaka wa gari, hivyo pima ekseli iliyo mbele yako kabla ya kuagiza braketi. Hizo braketi, zinazoitwa mabawa ya popo kwa umbo lake, ndizo zinazobeba fimbo za kushikia ekseli na, kwa nyuma, tundu la sheko.

Hapa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa katika ushauri wa haraka haraka. Springi ikiwa juu ya ekseli, uzito unashuka katikati ya ekseli na mambo yameisha. Ikiwa nyuma kwa sentimita 10, ule uzito wa kilo 200 wa kila upande unaivuta braketi ichungulie nyuma, kwa Nm 196, saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Nguvu hiyo lazima ishikwe na fimbo. Kama ni wishiboni iliyokatwa katikati, au fimbo za hepini (zilizopindwa kama pini ya nywele) zenye urefu wa sentimita 90, ncha yake ya nyuma itasukuma chini kwa newtoni 218 hivi, si nyingi. Lakini kama ni mfungo wa fimbo nne, mbili kila upande, zikiwa zimepishana kwa mm 125 juu na chini, fimbo ya juu inasukumwa na ya chini inavutwa kwa newtoni 1,570 kila moja. Ukikanyaga breki, ekseli inataka kuzunguka upande wa pili, na breki ikikanyagwa kwa nguvu inaishinda springi: iliyokuwa ikisukumwa inavutwa, iliyokuwa ikivutwa inasukumwa. Kila breki ni mgeuko mmoja wa mzigo kwenye bolti zile. Bolti iliyoshikwa upande mmoja tu, ikining'inia, huanza kwa kupanua tundu lake. Kila ncha ya fimbo na ikae katikati ya masikio mawili, na nati ziwe za kujifunga.

Kuhusu aina ya fimbo, kanuni ni fupi. Ekseli ya umbo la I inaweza kusokoteka kidogo, kwa hiyo inavumilia wishiboni iliyokatwa au hepini. Ekseli ya mrija haisokoteki. Ukiifunga kwa hepini, gurudumu moja likipanda jiwe kitu kingine lazima kipinde, nacho huwa ni braketi au uzi wa fimbo. Ekseli ya mrija ipewe fimbo nne.

Sheko zinataka subira. Ekseli nyingi za Ford za miaka hiyo zina inchi 36½ kati ya pechi na pechi. Ukitumia mabawa ya popo, pima kati ya matundu yake mwenyewe. Springi ya kukingama ikibonyea inarefuka, macho yake yanakwenda nje, na sheko zinasogea kuelekea wima. Gari likiwa na uzito wake wote, injini, maji, mafuta na watu, sheko zinatakiwa ziwe zimelala kwa digrii 45 hivi, jicho la springi likiwa chini na kwa ndani. Springi fupi mno huziacha sheko karibu na mlalo. Haina pa kurefukia, na gari hudunda kama mkokoteni. Springi ndefu mno huzisimamisha wima, na ekseli inakuwa huru kuyumba. Dawa ya zote mbili ni springi ya urefu sahihi. Kurefusha sheko ni kuficha kosa, na kulipasha moto jani ili kulikunja upya ni kuua chuma chake, jambo ambalo wahunzi wetu wanaogeuza springi za malori kuwa mapanga wanalijua kuliko mtu yeyote. Usichomelee chochote kwenye jani la springi. Na wale wanaopenda kung'arisha kila kitu kwa kromu waliache jani namba moja na rangi yake: asidi ya kromu huingiza hidrojeni kwenye chuma kigumu, na chuma hicho hupasuka kikiwa kinang'aa.

Springi mpya isiyobeba uzito ni fupi kuliko nafasi yake, hivyo hupanuliwa kwa kifaa cha skrubu ndipo sheko ya pili iingie. Kifaa kiteleze, jani linarudi kwa nguvu inayovunja mkono. Ukishapanua, usisimame kwenye ncha za springi wala usipitishe kidole kwenye jicho kutafuta tundu. Tumia pini ya chuma. Yubolti (bolti za umbo la U) zibane springi kwa pande zote mbili za senta bolti (bolti inayopita katikati ya majani), na kichwa cha senta bolti kiingie kabisa kwenye shimo lake. Senta bolti haikuundwa kuizuia springi isiteleze. Inayozuia ni mbano wa yubolti, na senta bolti iliyokatika karibu siku zote inamaanisha yubolti zililegea kwanza.

Usukani ndio huwakwamisha walio wengi baada ya kazi nzito kwisha. Tairodi ya Ford, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, hupita nyuma ya ekseli, palepale ulipoileta springi. Kuna anayeamua kugeuza stabu (vipande vinavyobeba magurudumu) ili tairodi ipite mbele. Asifanye hivyo: mikono ya usukani imepindwa kuelekea ndani kwa ajili ya kukaa nyuma, na ikigeuzwa mbele bila kupindwa upya kwenda nje, gurudumu la ndani halitakata kona zaidi ya la nje, na matairi yatakwaruza kila unapogeuka. Njia sahihi ni mikono iliyoshushwa, tairodi ipite chini ya springi, kisha ukaguzi: inua ekseli hadi mwisho wa mwendo wake, geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, uone kama kuna nafasi ya angalau mm 12 kati ya tairodi, sheko na mafungo ya springi.

Kama boksi la usukani ni la kukingama, mfano lile la Chevrolet Vega linalopendwa na wengi, dragilinki, fimbo ya kutoka kwenye boksi hilo, inatoka kushoto mwa chesisi hadi gurudumu la kulia. Ukizungusha usukani, kwanza unaisukuma ekseli nzima iyumbe kwenye sheko, halafu ndipo magurudumu yageuke. Fimbo ya Panhard, inayoizuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia, ni ya lazima hapo: ncha moja kwenye chesisi upande wa boksi, nyingine kwenye ekseli upande wa pili, urefu wake na mlalo wake viwe sawa na vya dragilinki kadiri inavyowezekana. Zikiwa na urefu tofauti, kila tuta litageuza magurudumu bila dereva kugusa chochote. Kwa boksi la zamani ambalo dragilinki yake inakwenda mbele kufuata reli, Panhard si lazima, ila tundu la nyuma la dragilinki liwe karibu na tundu la nyuma la fimbo za ekseli.

Jambo dogo linalosahaulika ni kikomo. Ekseli iliyokuwa chini ya chesisi iligonga reli ikafika mwisho. Iliyo mbele ya chesisi haina cha kugonga, na springi inaweza kubonyezwa hadi ipite mlalo na kukunjika kinyume. Weka raba ya kikomo kila upande, juu ya fimbo au kwenye reli, zinazoruhusu inchi 2½ hadi 3 za kupanda.

Mambo yote yakishashikwa kwa nukta za moto na kupimwa mara ya pili, ndipo fimbo, springi na mpira wote utolewe, na mchomeleo ukamilike chesisi ikiwa tupu. Tou-ini iwe mm 1.5 hadi 3 magurudumu yakiwa yamebanana kwa mbele. Yubolti zibanwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Baada ya kilomita 80 za kwanza zibanwe tena, kwa kuwa majani hukaa vizuri na mbano hupungua.

Braketi na ipakwe rangi hafifu, kijivu au nyeupe, isiwe nyeusi, ili mstari wa kutu uonekane ukitokea. Kila mnapobadili oili, lala chini ya gari, safisha upande wa chini wa mchomeleo, paka mafuta ya taa, acha dakika kumi, futa hadi pakauke, kisha sugua chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari ukionekana, usipitishe mchomeleo mwingine juu yake. Gari lisitembee tena mpaka braketi ile ikatwe na nyingine itengenezwe, yenye ukuta mnene zaidi au mkono mfupi zaidi.

Wenu,
Fundi wa chesisi na springi
Columbus, Ohio